Kamera ya setilaiti na joto: alumini, Invar, kaboni au silikoni kabidi?

Kila mpimaji wa ardhi aliyefanya kazi kwenye migodi ya Katanga anajua ule mwavuli mkubwa unabebewa nini. Si wa mpimaji. Yeye avae kofia yake. Mwavuli ni wa theodolaiti, chombo cha kupimia pembe. Mwezi wa kumi, mvua zikiwa bado hazijashuka, simamisha chombo juani saa nne asubuhi, kiweke sawa, kisha usikiguse. Baada ya dakika chache kiputo cha levo kinaanza kuhama chenyewe, unywele kwa unywele, na shabaha uliyoilenga mita 300 mbele imeshateleza. Fungua mwavuli, subiri, kiputo kinarudi. Chombo hakikuharibika, wala hakikupata moto wa kutisha. Kilipata moto upande mmoja.

Nimeanza na mwavuli kwa sababu vijana wanne wa uhandisi walikuja karakanani kwangu hapa Lubumbashi, ninapotengeneza levo na theodolaiti, wakiwa na mchoro wa kamera ya setilaiti ndogo na swali moja: “Yaya (ndivyo tunavyomwita mkubwa hapa), bomba tulifanye la chuma gani?” Walikuwa wamesoma kwamba ipo aloi isiyotanuka, Invar, na kwao mjadala ulikuwa umekwisha, imebaki bei tu. Nikawaambia waketi. Niliyowaeleza siku ile na zilizofuata ndiyo haya, kwa yeyote aliye mbele ya uchaguzi kama wao.

Kamera yenyewe

Bila namba ulinganisho unageuka porojo, kwa hiyo tushike mchoro wao. Kioo kikuu kina kipenyo cha milimita 80, na kamera nzima ina urefu wa fokasi wa milimita 640, yaani f/8: fokasi ni mara 8 ya kipenyo. Pikseli ni za mikroni 5. Kutoka kimo cha kilomita 500 kila pikseli inafunika mita 4 hivi za ardhi: barabara ya Kipushi utaiona, lori kubwa utalibahatisha, mtu hutamwona. Mwanga unagonga kioo kikuu, unarudi mbele hadi kwenye kioo kidogo, kisha unapenya tundu lililo katikati ya kioo kikuu na kutua kwenye kihisi cha picha nyuma yake. Kioo kikuu peke yake kina fokasi ya milimita 160. Kioo kidogo kinaikuza mara 4. Kati ya vioo hivyo viwili kuna milimita 125.

Hapo kwenye kukuza ndipo penye mtego. Kioo kidogo kikisogea mikroni 1, fokasi, yaani pale picha inapokuwa kali, haisogei mikroni 1. Inasogea 17: nne mara nne, jumlisha moja. Na kwa f/8, katika mwanga wa kijani, fokasi inasamehe kama mikroni 70 mbele au nyuma. Ukizidi hapo picha inaingia ukungu. Gawanya, utaona kioo kidogo kina ruhusa ya kusogea mikroni 4 tu. Unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko hapo zaidi ya mara kumi.

Sasa joto. Setilaiti kwenye kimo hicho huizunguka dunia kwa dakika 95 hivi, na katika mizunguko mingi dakika 35 kati ya hizo huwa ndani ya kivuli cha dunia. Jua la huko linaleta wati 1,361 kwa kila mita ya mraba, bila wingu wala vumbi la kulipunguza. Upande wa pili ni anga jeusi, baridi ya digrii 270 chini ya sifuri. Kumepambazuka mara 15 kabla wewe hujaamka tena. Na hewa hakuna. Jambo hilo watu hulipita haraka mno. Hapa chini hewa hufanya kazi ya mzee wa ukoo: inachukua joto kwa mwenye nalo, inampelekea asiye nalo, mpaka wapatane. Huko juu kila upande wa kamera unabaki na neno lake.

Maswali mawili, si moja

Swali la kwanza: kamera nzima ikipanda au ikishuka digrii 20 kwa pamoja, fokasi inakwenda wapi? Swali la pili: sehemu moja ya kamera ikiwa na digrii moja zaidi ya nyingine, fokasi inakwenda wapi? Wanaoanza huuliza la kwanza tu. La pili ndilo la mwavuli.

Nimeyapigia hesabu yote mawili kwa mchoro wa vijana. Safu mbili za mwisho ni mikroni za kuhama kwa fokasi, na ukumbuke kwamba ruhusa yetu ni 70.

| Bomba na vioo | Mtanuko (sehemu kwa milioni, kwa digrii) | Kamera nzima digrii 20 | Bomba likipishana na vioo digrii 1 |
|---|---|---|---|
| Alumini, vioo vya glasi isiyotanuka | 23.6 | 1,000 | 50 |
| Alumini, vioo vya alumini | 23.6 | karibu 0 | 50 |
| Titaniamu, vioo vya glasi isiyotanuka | 8.6 | 365 | 18 |
| Invar, vioo vya glasi isiyotanuka | 1.2 | 51 | 3 |
| Nyuzi za kaboni, vioo vya glasi isiyotanuka | 0.5 | 21 | 1 |
| Silikoni kabidi, vioo vya hiyo hiyo | 2.2 | karibu 0 | 5 |

Glasi isiyotanuka ni kama Zerodur ya Schott au ULE ya Corning, ambazo mtanuko wake ni mdogo kiasi kwamba kwenye hesabu hii unahesabika sifuri. Kaboni nimeipa 0.5 kwa kuwa inategemea fundi alivyozilaza nyuzi. Akizilaza vizuri anaweza kukaribia sifuri kabisa.

Ukitazama jedwali kwa jicho la haraka utasema vijana walikuwa sawa: Invar au kaboni, na maneno yakome. Lakini safu ya mwisho ina uongo ndani yake, nami niliuacha makusudi. Imezipa chuma zote digrii 1 ileile ya kupishana, wakati chuma hazipati tofauti sawa. Chuma kinachopitisha joto upesi hujisawazisha chenyewe. Kinachopitisha polepole kinaacha upande mmoja uungue na mwingine ugande.

Invar ikipimwa mara ya pili

Invar ni chuma na nikeli, nikeli ikiwa asilimia 36. Charles Édouard Guillaume aliigundua mwaka 1896 akitafuta chuma cha kutengenezea vipimo vya urefu, na kazi hiyo ikampa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1920. Wapimaji tunaiheshimu kwa sababu kanda zetu za zamani za kupimia msingi zilikuwa za Invar. Ipo na ndugu yake yenye kobalti kama asilimia 5, ambayo inatanuka pungufu hata ya hapo, na kijana mmoja wa hapa aliposikia kobalti alitabasamu kama aliyetajiwa jina la shangazi yake.

Lakini tazama upitishaji wa joto. Alumini ya aina ya 6061 ni wati 167 kwa mita kwa digrii; Invar ni kama 10. Chukua joto lilelile, tuseme linatoka kwenye saketi za kihisi, lipitishe kwenye bomba la unene uleule. Pale alumini inapopata tofauti ya digrii 1, Invar inapata 16 au 17. Sasa rudi kwenye jedwali: ile 3 ya Invar, ambayo kwa usahihi ni 2.6, zidisha kwa 16.7. Unapata 43. Alumini ilikuwa 50.

Nilimwona kijana aliyekuwa akiandika akisimamisha kalamu. Faida yote ya Invar, ile ya mara ishirini kwenye mtanuko, imeliwa na uvivu wake wa kupitisha joto. Kamera iliyofunikwa vizuri, joto lisipate njia ya kupita ndani ya bomba, itabaki na faida hiyo. Kamera inayopigwa jua ubavuni haitaiona.

Halafu kuna uzito. Invar ni gramu 8 na kidogo kwa sentimita ya ujazo, mara tatu ya alumini. Kwenye mashine ya kukereza inanata, inakula visu, na baada ya kuikata lazima uipashe na kuipoza kwa utaratibu ili mikazo itoke, la sivyo itajikunja taratibu kwa miezi. Na inavutwa na sumaku. Setilaiti ndogo nyingi hujigeuza angani kwa koili za sumaku na kujua zilikoelekea kwa kipimo cha sumaku. Ukiweka gramu mia kadhaa za Invar katikati yake umeweka jirani mwenye kelele karibu na chumba cha mtoto.

Titaniamu kwenye kamera ya vioo sina sababu ya kuisifu: inatanuka vya kutosha kukuharibia na inapitisha joto vibaya kuliko hata Invar. Ina mahali pake kwenye lenzi, nitafika huko.

Kaboni na kiu yake

Nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi ni nyepesi kuliko zote hapa, gramu 1.6 hivi kwa sentimita ya ujazo, na namba zake kwenye jedwali zinashinda. Ningeipenda kama isingekuwa na tabia ya kunywa maji. Gundi hunyonya unyevu wa hewa. Ukiipeleka kwenye ombwe unyevu unatoka na kipande kinajikunyata. Tufanye hesabu ya kujaribu: bomba likijikunyata sehemu 50 tu kwa milioni, hiyo ni mikroni 6 kwenye milimita zetu 125, na ukizidisha kwa 17 fokasi imehama mikroni 106. Joto halijaguswa bado, nasi tumeshavuka ruhusa.

Hubble yenyewe ilipitia hayo. Fremu inayoshikilia vioo vyake ni ya nyuzi za kaboni na gundi ya epoksi, na tangu irushwe Aprili 1990 iliendelea kukauka na kufupika kwa miaka, ikabidi kioo kidogo kisogezwe mara kwa mara kuifuata fokasi. Tena pamoja na uangalifu wote waliouweka, fokasi yake hupanda na kushuka mikroni chache kila mzunguko inapotoka kivulini kuingia juani. Wahandisi wake waliita hali hiyo kupumua. Wao walikuwa na mota za kuisogeza. Wewe unayo?

Zipo gundi zinazokunywa kidogo kuliko epoksi, za jamii ya sayaneti. Hata hizo zinataka kuokwa kwenye ombwe kabla ya kupangwa vioo, kisha zilindwe kwenye gesi kavu hadi siku ya kurushwa. Fikiria Lubumbashi mwezi wa pili, mvua kila jioni, kamera ikisubiri makaratasi ya forodha. Mtu asiye na tanuri la ombwe na sanduku la naitrojeni aiache kaboni kwa wenye navyo.

Silikoni kabidi, na kwa nini Ulaya inaipenda

Hii ndiyo jibu sahihi la darasani. Inatanuka 2.2, inapitisha joto sawa na alumini au kuizidi kidogo, ni ngumu kupita kiasi, nzito kidogo tu kuliko alumini, na unaweza kutengeneza bomba na vioo vyote kwa kitu kimoja. Ukigawanya upitishaji kwa mtanuko, alumini inapata 7, Invar 8, beriliamu 19, silikoni kabidi zaidi ya 70. Hakuna mashindano hapo.

Kioo cha Herschel cha mita 3.5, kilichorushwa mwaka 2009, kilikuwa cha silikoni kabidi. Gaia ya mwaka 2013, vioo na fremu yake vilevile. Hata picha za bure ambazo wengi wetu hapa tunazipakua kutazama mashimo ya migodi yanavyopanuka, zile za Sentinel-2 zenye pikseli za mita 10, zinapigwa kwa vioo vitatu vya silikoni kabidi.

Ubaya wake ni mmoja lakini ni mkubwa. Ni kauri. Unga unabanwa, unachongwa ungali laini, unaunguzwa kwa joto kali. Baada ya hapo anayeweza kuukata ni almasi peke yake. Ukikosea tundu moja la skrubu hulizibi. Ukikidondosha kimevunjika. Na viwanda vinavyoifanya kwa ubora wa anga ni vya kuhesabu kwa vidole, foleni ndefu, bei ya kumfanya mdhamini aombe maji. Mwenye bajeti ya taifa aichukue, asihangaike kusoma zaidi.

Alumini yote, kuanzia kioo hadi skrubu

Rudi kwenye mstari wa pili wa jedwali. Ukifanya bomba la alumini na vioo vya alumini, kamera nzima ikipata joto inakua yote kwa uwiano mmoja, kama picha iliyokuzwa. Kioo kikuu kinarefusha fokasi yake kiasi kilekile ambacho bomba linakisogeza kioo kidogo, na kihisi, kikiwa kimefungwa kwenye alumini hiyohiyo, kinakuta fokasi palepale. Kinachobadilika ni ukubwa wa picha: kwa digrii 20 ni asilimia 0.05, yaani pikseli 2 kwenye upana wa pikseli 4,000. Hiyo programu inasahihisha.

Vijana hawakuniamini. Tukatoa kamera ya mfano waliyoitengeneza kwa bomba la alumini na vioo vya glasi vya kununua, tukaipandisha juu ya paa usiku wa mwezi wa saba. Saa kumi na moja alfajiri kipimajoto kilisoma digrii 7. Tulikuwa tumepanga fokasi ndani ya nyumba jioni, tukiwa tumevaa mashati. Sasa tumejifunga mablanketi na nyota ile waliyoilenga ilikuwa imegeuka pete, duara lenye tundu katikati kama andazi. Aliyekuwa kwenye kompyuta alisokota skrubu ya fokasi karibu milimita nzima kabla pete haijafumba kuwa nukta. Milimita nzima! Mstari wa kwanza wa jedwali huo.

Kwa hiyo alumini ni mbaya ikichanganywa na glasi, na ni nzuri ikiwa peke yake. Udhaifu unaobaki ni safu ya mwisho: digrii 1 ya kupishana inakula 50 kati ya 70. Bomba likipigwa jua ubavu mmoja ni shida nyingine tena, maana linajipinda: kwa digrii 1 kati ya ubavu na ubavu kioo kidogo kinainama sekunde 6 za tao, na picha inateleza karibu pikseli 2 kwenye kihisi. Lakini alumini inapitisha joto, inasawazika upesi, na bomba ukilifanya nene kidogo inasawazika upesi zaidi.

Kuna jambo la uso wa kioo chenyewe. Alumini inachongwa kwa almasi ikawa kioo moja kwa moja, ila inabaki na mifereji midogo inayotawanya mwanga. Kwa kamera ya rangi za kawaida inabidi ipakwe tabaka la nikeli yenye fosforasi ndipo ing’arishwe. Nikeli hiyo inatanuka nusu ya alumini, na vitu viwili vya mitanuko miwili vikigandana vinajikunja, kama kile kipande cha ndani ya pasi ya umeme kinachokata moto. Dawa ni mbili: kupaka tabaka sawa mbele na nyuma, au kutumia aloi ya alumini yenye silikoni asilimia 40 hivi, ambayo mtanuko wake umelinganishwa na wa nikeli. Ukichukua hiyo ya pili, bomba nalo liwe la aloi hiyohiyo, vinginevyo umerudi kwenye andazi la juu ya paa.

Kama ni lenzi, na habari ya germaniamu yetu

Kamera fupi, ya fokasi ya milimita 100 hivi, mara nyingi hufanywa kwa lenzi badala ya vioo. Hapo mambo yanageuka, kwa kuwa glasi ikipata joto haitanuki tu, inabadilika pia jinsi inavyoupinda mwanga. Wakati mwingine mabadiliko hayo mawili yanapunguzana. Lenzi ya glasi ya kawaida ya BK7 kwenye ombwe inarefusha fokasi yake kama sehemu 4 tu kwa milioni kwa digrii. Ukiitia kwenye bomba la alumini la 23.6, kwa digrii 20 umekosana na fokasi kwa mikroni 39. F/4 inasamehe 18. Ukiitia kwenye titaniamu umekosana kwa 9. Titaniamu imepata kazi, na wengi huifunga lenzi ndani yake.

Jambo jingine la lenzi ambalo vioo hawalijui: hewa nayo inapinda mwanga, kidogo. Ukipanga fokasi hapa chini kisha hewa ikaondoka, lenzi hiyo ya milimita 100 inafupisha fokasi kwa kama mikroni 80 ukiwa Mombasa, na kama 70 ukiwa Lubumbashi, kwa kuwa sisi tuko mita 1,200 na ushee juu ya bahari na hewa yetu ni nyepesi zaidi. Ruhusa ni 18. Anayepanga lenzi bila kuhesabu hilo amepeleka ukungu angani.

Na sasa kamera za joto, za kuona mioto ya nyika inayotapakaa Katanga mwezi wa saba na wa nane. Kwa mawimbi hayo lenzi inayopendwa ni germaniamu, na hapo sisi tuna la kusema. Ule mlima mweusi wa masalio ya kuyeyusha shaba unaouona kutoka kila pembe ya jiji, terili, una germaniamu ndani yake. Madini ya Kipushi yaliyoyeyushwa hapa kwa miongo yalikuja nayo. Mwaka 2024 shehena ya kwanza ya germaniamu iliyotolewa humo ilikwenda Ubelgiji.

Fahari ni fahari, lakini germaniamu ndiyo mkorofi kuliko wote katika makala haya. Inaupinda mwanga vizuri ajabu, na uwezo huo unabadilika kwa joto kiasi kwamba fokasi inafupika sehemu 126 kwa milioni kwa kila digrii. Milimita 100, digrii 20: robo milimita. Na wakati lenzi inafupisha fokasi, bomba la alumini linarefuka, kwa hiyo makosa yanajumlishwa hadi milimita 0.3. Kwa f/1.4 na mawimbi ya mikroni 10, kinachosamehewa ni milimita 0.04. Hakuna chuma kitakachokuokoa hapa. Unaweza kuchagua glasi za kalkojeni, ambazo nyingi zina germaniamu iliyochanganywa na seleni na aseniki na kuhama kwa fokasi yake ni kama theluthi ya kule kwa germaniamu. Unaweza kutia mota. Au ufanye kama kamera ya joto ya Landsat 8, ambayo ina lenzi nne, tatu za germaniamu na moja ya zinki selenidi: lenzi zinashikiliwa kwenye halijoto moja kwa ukali, na wahandisi wakitaka kurekebisha fokasi wanaibadilisha halijoto hiyo kidogo. Ukorofi umegeuzwa kuwa skrubu.

Hita au mota?

Hita inapasha tu, haipozi. Kwa hiyo kamera inapangwa ikae baridi kuliko unavyotaka, kisha hita inaipandisha hadi mahali pake na kuishikilia. Hubble inashikilia kioo chake kikuu karibu na digrii 21 kwa njia hiyo. Gharama ni umeme, na setilaiti ya vijana ina wati chache za kugawana na redio na kompyuta. Mota ya fokasi inakula umeme pale tu inaposogea, lakini ni kitu chenye meno na grisi kitakachotikiswa kwenye roketi, na ikikwama vibaya umekwama nayo. Mimi ni mtu wa hita. Mota ningeiweka kwenye germaniamu tu.

Ningechukua ipi

Kwa kikundi cha kwanza, f/8, kioo chini ya milimita 100, pesa za kuchangisha: alumini yote, vioo na bomba, hita mbili ndogo, blanketi la tabaka nyingi za filamu inayong’aa kuzunguka bomba zima, na kinga ya jua mbele. Blanketi na kinga ndiyo mwavuli. Joto la kihisi litolewe kwa utepe wa shaba hadi kwenye bamba linaloangalia anga jeusi, lisipitie kwenye bomba.

Ukihitaji f/5 badala ya f/8, ruhusa inashuka hadi mikroni 28 na alumini haitakubeba tena. Hapo nenda silikoni kabidi ukiwa na pesa, au kaboni ukiwa na tanuri la ombwe na subira. Invar ningeinunua vipande vidogo tu: pete na fito za kushikia vioo vya glasi, si bomba zima.

Kijaribio cha friji, ambacho kila kikundi hukifanya, kinajibu swali la kwanza peke yake. Ndani ya friji kuna hewa, na hewa inapatanisha; kamera itakuonyesha uso mzuri ambao angani haitakuwa nao. Vijana sasa wanajaribu kwa taa ya wati 500 ubavuni, bomba likiwa limening’inizwa kwa uzi ndani ya sanduku. Si ombwe, ila angalau linapigwa upande mmoja.

Juzi walikuja na mfuko wa skrubu za chuma cha pua, nzuri, zinang’aa. Chuma cha pua kinatanuka 17, alumini 23.6. Kwenye joto zitabana zaidi, kwenye baridi zitalegea. Niliwaambia waziweke, ila zibane tu chini ya washa za springi. Kazi ya kushika kioo mahali pake ifanywe na pini za alumini zilizokatwa kwenye nondo ileile iliyotoa bomba. Mmoja akauliza ileile ipi, maana nondo walinunua mbili, kila moja duka lake, na alama zimefutika. Tukaanza kuzipima upya.